Kalamu Iliyoandika Herufi Nyumbani Kwetu

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, sentensi moja halafu napumzika. Tahajia yangu nayo si ya kuaminika, kwa hiyo pale nilipokosea someni kwa huruma. Mtaona pia wino umepakaa, kama mtu aliyepitisha kiganja juu ya maneno kabla hayajakauka. Ndivyo ilivyokuwa kweli, na sababu yake mtaiona mbele.

Nataka kueleza habari za kalamu ya kuchomea sindano iliyoletwa kwetu Kintinku kufanyiwa majaribio. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliishi na shangazi, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Yeye hakujaliwa kuzaa. Alikuwa na mbuzi, shamba la alizeti na mashine ya mkono ya kukamulia mafuta. Alikuwa pia na kisukari, kile cha kuchomwa sindano kila siku, na macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Mtu akisimama mlangoni alimjua kwa sauti.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemchoma. Kila asubuhi kabla ya uji nilichemsha bomba la kioo, nikavuta dawa hadi kwenye mstari ambao nilikuwa nimeufungia uzi mwekundu. Ule mstari ulikuwa yuniti kumi na mbili. Dawa tuliitunza kwenye mtungi mdogo uliokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati tumejaza mchanga ambao niliumwagia maji asubuhi na jioni. Shangazi alikuwa shupavu kwa mambo yote isipokuwa sindano. Alifunua paja, akageukia ukutani.

"Ukimaliza niambie," alisema kila siku. "Ukianza usiniambie."

Siku moja hospitali tunakochukulia dawa ilituita. Sitaitaja jina. Tulimkuta mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele fupi za mvi, na kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa mkalimani wake. Yule mama alikuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kubuni kalamu za sindano kwa kampuni ya kwao, na hii aliyokuja nayo ilikuwa haijaanza kuuzwa. Alitaka kuona inavyostahimili joto na vumbi, na inavyotumika kwa watu wanaokaa mbali na umeme.

Ilikuwa nene kama kidole gumba. Upande mmoja ilikuwa na sindano fupi, upande mwingine kichwa cha kuzungusha. Katikati palikuwa na kidirisha chenye namba nyeusi, zile za vijiti vijiti kama za saa ya mkononi ya betri. Ukizungusha kichwa, namba zinapanda. Ukifika kwenye namba yako, unachoma na kubonyeza, dawa inaingia, namba zinarudi sifuri.

"Na bei yake?" shangazi aliuliza.

"Bure, mama," mkalimani alijibu. "Mnasaidia utafiti."

Shangazi alininong'oneza kwa Kigogo kwamba twende nyumbani. Miaka ile hakukuwa na kitu cha bure. Hata dawa ambazo zamani tulipewa hivi hivi, sasa tuliambiwa tuchangie. Kila mtu alikuwa anauza: stesheni ilijaa mitumba, na mafuta ya kula yalikuja kwenye madumu ya njano kutoka nchi tusizozijua, yakafanya alizeti yetu idharauliwe. Halafu mtu anatoka Ulaya na kuleta chombo chenye betri, anakupa. Mimi pia nilishuku. Lakini nesi tuliyemzoea alisema tujaribu, na shangazi alimheshimu nesi.

Mkalimani alituuliza maswali huku akijaza fomu. Shangazi ana umri gani. Anaona kiasi gani. Mimi nimesoma mpaka wapi.

"La saba," nilisema nikitazama chini.

"Sauti, dada! Panya wenyewe hawakusikii."

"La saba."

"Unatumia mkono gani?"

"Wa kulia," nilijibu kabla hajamaliza kuuliza.

Siku mbili nilimchoma shangazi palepale hospitali, fundi akiwa pembeni. Moja, mbili, tatu, nne, mpaka kumi na mbili. Kila kitu kilikwenda sawa. Mkalimani akanipa maelekezo ya mwisho: "Usihangaike na namba zinazopita. Wewe ukiona kumi na mbili, simama, choma, andika kwenye daftari." Wakasema wanakwenda vijiji vingine na watarudi baada ya wiki tatu.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, shangazi aligeukia ukutani, nami nikazungusha. Ikaja moja. Ikaja mbili. Baada ya mbili ikaja herufi E.

Nilisimama. Nikazungusha tena. Ikaja h, ile ndogo. Halafu tano, halafu tisa, halafu L.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza ukutani.

"Bado, shangazi."

Nilidhani ni Kiingereza. Vitu vyote vya miaka ile vilikuja na Kiingereza chake, na mimi Kiingereza changu kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu. Nikakumbuka maneno ya mkalimani kwamba nisihangaike na zinazopita. Niliziacha zipite, herufi na namba zilizochanganyika, mpaka nikaona kumi na mbili. Nikachoma. Nikaandika 12 kwenye daftari.

Kabla ya saa sita shangazi alianguka kwenye mashine ya mafuta. Nilimkuta amelowa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la mama yake. Nilijua ni sukari imeshuka, maana nesi alikwisha kutufundisha. Nikamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko mpaka macho yakarudi.

"Ni kile kidude," alisema alipopata nguvu. "Kimeweka nini humo?"

"Kumi na mbili, shangazi. Niliona kwa macho yangu."

Kesho yake tulisema labda ni uji ulichelewa. Siku ya tatu akaanguka tena. Baada ya hapo shangazi alianza kukaa na kikombe cha asali ya Itigi ubavuni mwake, anachovya kidole kila baada ya muda, huku anaitazama kalamu pale rafuni kwa macho yake yasiyoona, kama mtu anayemsikiliza mgeni asiyemwamini. Nilimwambia turudi kwenye bomba la kioo. Alikataa. Alikwisha kuahidi mbele ya nesi wiki tatu, na ahadi yake haikuwa ya kuchezea.

Nikaanza kuivizia. Nilikwenda nayo nyuma ya nyumba bila kuweka sindano, nikazungusha. Moja, mbili, E, h. Kumbe ilikuwa bado inaandika! Nikakimbia kumwita baba mdogo, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu. Yeye alinunua alizeti za watu na kuzipakia kwenye treni. Alikuja na wino wa kuandikia magunia bado mikononi.

"Haya, nionyeshe hizo herufi."

Nikazungusha mbele yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Herufi ziko wapi?"

"Zilikuwepo, baba mdogo. Sasa hivi tu."

"Zimekuogopa wewe au zimeniogopa mimi?" Alicheka, lakini alinitazama zaidi ya ilivyohitajika. "Au unataka nimwambie yule Mzungu kwamba kalamu yake ina mashetani?"

Usiku huo niliifunika kwa ungo. Nililiona jambo moja na sikuwa na wa kumwambia: kile chombo kilikuwa kinajua ni nani anatazama. Hospitalini kilitulia. Mbele ya baba mdogo kilitulia. Kikibaki na mimi na mama wa watu asiyeona, kinabadilika. Niliamini hivyo kabisa. Kwa nini sikwenda kwa nesi? Nilikwenda mara moja. Nikafika mlangoni, nikaona watu wengi kwenye benchi, nikafikiria kusema neno "herufi" mbele yao wote, nikarudi.

Wiki ya pili shangazi alianguka vibaya zaidi, akazimia. Baba mdogo alimpakia kwenye baiskeli, akampeleka hospitali akiwa amemfunga kwa kanga mgongoni mwake asidondoke. Alilazwa siku nne. Nesi alimchoma mwenyewe kwa dawa ileile na kiasi kilekile cha kumi na mbili, kwa bomba lao. Siku zote nne hakutoka hata jasho.

Ndipo baba mdogo alipoacha kunitania. Tulikuwa uani, shangazi amerudi, bado ameshikilia ahadi yake ya kalamu, na amelala ndani.

"Nikuulize kitu," alisema. "Nesi akichoma, mzima. Ukichoma wewe, anaanguka. Nikuelewe vipi?"

Akautazama mlango wa shangazi, akapunguza sauti.

"Hana mtoto. Ana mbuzi, ana mashine. Watu wanaongea, mwanangu. Mimi sijasema. Lakini nimeamua, wageni wakija na wakisema chombo chao ni kizima, dada yangu atahamia kwangu, mke wangu atajifunza kumchoma. Wewe kuna mama mmoja Dodoma anatafuta msichana wa kazi za ndani."

Basi hapo ndipo nilipokuwa nimefika. Shangazi angeweza kufa na kalamu ile, au angepona na mimi niondolewe nyumbani kwake nikiwa na jina baya. Usiku nilisikia anauliza gizani, "Hujalala?" Nikajifanya nimelala.

Wageni walirudi siku waliyosema. Waliweka meza ndogo uani. Fundi alichukua kalamu, akaweka yuniti kumi, akaibonyezea ndani ya kichupa chembamba chenye mistari. Akarudia mara tano. Kila mara dawa ilifika kwenye mstari wake sawasawa. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, hakupepesa macho.

Halafu fundi akafanya jambo ambalo sikulijua. Akabonyeza kitufe kidogo cha ubavuni na namba zikaanza kutokea moja moja bila kuzungushwa. Mkalimani akatueleza kwamba kalamu inakumbuka kila sindano iliyochomwa. Alisogeza kichwa asome pamoja na fundi.

"Ishirini na moja. Ishirini na moja. Ishirini na moja." Akafungua daftari langu. "Hapa umeandika kumi na mbili. Siku zote."

"Nimeandika nilichokiona," nilisema.

"Basi mmoja wenu anadanganya," baba mdogo alisema. "Na hiyo kalamu haina mbuzi wa kurithi."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. "Nyamaza wewe," alimwambia, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Mkalimani akaniinamia kama mtu anayeongea na mtoto. "Dada, usione aibu. Ni la saba, tunaelewa. Moja na mbili, mbili na moja, mtu anaweza kugeuza. Sema tu kwamba ulizigeuza, tumalize."

Nakiri nilitaka kukubali. Ilikuwa njia fupi ya kutoka: ningekuwa mjinga, nisingekuwa muuaji. Lakini kumi na mbili ninaijua. Nimehesabu mbuzi wa shangazi tangu nikiwa na miaka sita.

Fundi akanipa kalamu na kunionyesha kwa mkono: fanya. Watu wote walinitazama. Nikazungusha. Moja, mbili, tatu, nne, mpaka kumi na mbili. Nikasimama.

"Si unaona?" mkalimani alisema. "Hapa unaweza."

"Nikiwa peke yangu huwa inaandika herufi."

Lilinitoka tu. Mkalimani akacheka na nadhani alitaka kuliacha bila kulitafsiri, lakini fundi alimgusa bega akitaka kujua nimesema nini. Alipoambiwa, alitikisa kichwa kwamba kalamu haina herufi hata moja. Kisha akanisukumia daftari na penseli.

Nikachora nilizoziona kwa mpangilio ule ule. 1, 2, E, h, 5, 9, L. Nilizichora kwa vijiti kama zilivyo kwenye kidirisha.

Fundi alizitazama. Akalishika daftari kwa ncha za vidole, akaligeuza taratibu juu chini, akaliweka tena mbele yangu. Kwa namna lilivyokaa sasa, E ilikuwa tatu. Ile h ilikuwa nne. Tisa ilikuwa sita. L ilikuwa saba. Akaandika 21 pembeni, akaligeuza tena, na mbele ya macho yangu ikawa kumi na mbili.

Akasema maneno machache, na mkalimani safari hii hakucheka. "Anauliza, ukiwa nyumbani unazungusha kwa mkono gani?"

Sasa nieleze. Anayetumia mkono wa kulia hushika mwili wa kalamu kwa kushoto na kuzungusha kichwa kwa kulia. Sindano inaelekea kushoto na namba zinasimama wima. Anayetumia kushoto hufanya kinyume, sindano inaelekea kulia, na namba zinasimama kichwa chini. Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, hausalimii, hauli. Nilipokuwa mdogo shangazi aliufunga kiunoni kwangu kwa kipande cha kanga kila wakati wa chakula, mpaka akaridhika kwamba umekwisha. Haukuisha. Ulijificha. Mbele za watu mikono yangu ilibadilishana yenyewe bila mimi kuwaza, kama mtu anavyokaa vizuri akiingia mgeni. Nikibaki peke yangu, inarudi, na ndiyo maana wino huu umepakaa. Na shangazi aliyegeukia ukutani na asiyeona ilikuwa sawa na kubaki peke yangu. Bomba la kioo halikujali nimelishika vipi, kwa sababu nilitazama uzi mwekundu tu.

Kusema hivyo mbele yake ilikuwa kumwambia kwamba mkono ule wa tusi ndio uliogusa mwili wake kila asubuhi. Nilitazama mchanga.

"Wa kushoto," nilisema.

"Sauti," mkalimani alianza, kisha akanyamaza mwenyewe.

"Wa kushoto. Huwa nazungusha kwa wa kushoto, na huwa nachoma kwa wa kushoto. Nisamehe, shangazi."

Mbuzi walisikika wakitafuna.

"Nilikufunga," shangazi alisema hatimaye. "Mwaka mzima nilikufunga."

"Ulinifunga, shangazi."

"Na ugali wangu unausonga kwa upi?"

"Kwa wa kulia."

"Chumvi je?"

Nikaficha mkono wa kushoto nyuma yangu. Baba mdogo akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa mkono wake wenye wino. Lakini shangazi hakucheka. Akaninyooshea kiganja. "Lete huo." Nikampa mkono wangu wa kushoto, mara ya kwanza maishani mwangu kumpa mtu mzima mkono huo. Aliupapasa kidole kimoja kimoja, kama anayekagua mbuzi wa kununua.

"Kesho utanichoma kwa huu," alisema. "Lakini kwa bomba la kioo. Hicho kidude warudi nacho."

Fundi alikuwa amekwenda kwenye gari. Alirudi na boksi ambalo halijafunguliwa, akalifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na kalamu mbili kama ile, ila namba zake zilikuwa zimegeuzwa kwa ajili ya watu wa kushoto. Alizibeba safari yote. Mkalimani akaeleza kwamba kila kijiji walichopita waliuliza lile swali la mkono, na watu wote walijibu wa kulia.

"Mkoa mzima hakuna mashoto," alisema, na kidogo alionekana kuona haya.

Fundi akaniuliza, mimi mwenyewe, ningekuwa yeye ningefanyaje. Nikajibu. Nilisema wasiulize watu, maana hakuna atakayesema. Nilisema wasitengeneze kalamu mbili, watengeneze moja, na chini ya namba wachore mstari usiofutika, ili mtu yeyote ajue chini ni wapi. Nilionyesha magunia ya baba mdogo yaliyoegemea ukuta. Sita yake na tisa yake zote zina mstari chini, kwa sababu wapakiaji hutupa gunia upande wowote.

Baba mdogo alijinyoosha kwenye kigoda. "Hiyo ni yangu," alisema.

Habari za Dodoma hakuzitaja tena, wala hakuniomba radhi. Jioni aliniletea kilo ya sukari akasema ni ya chai.

Kuna kitu kimoja ambacho mpaka leo kinanikera. Mimi nilisema maneno mengi siku ile, kwa shida, na mkalimani alipoyatafsiri yalikuwa machache sana. Fundi aliandika mstari mmoja tu kwenye kitabu chake. Sijui aliandika niliyosema mimi, au aliyoambiwa. Waliondoka na vumbi lao na hatukusikia tena habari zao. Shangazi yupo, haoni kabisa sasa, na bado namchoma asubuhi. Hageukii tena ukutani. Anasema anataka kusikia ni mkono upi.

Naye huniuliza: ile kalamu iliishia wapi? Waliweka mstari? Mimi siwezi kumjibu. Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaosoma, hasa mlio mijini au mnaofanya kazi za hospitali. Mkiona kalamu ya sindano yenye kidirisha cha namba, ichukueni, igeuzeni juu chini, mtazame vizuri chini ya namba. Kisha niandikieni kupitia kwa aliyewafikishia maneno haya, hata kwenye kipande cha karatasi, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Niambieni mstari upo au haupo. Nitamsomea shangazi barua yenu kwa sauti.